Kwa Delphia

Orlena Napier alikaa kwa Delphia miaka thelathini na zaidi, na muda wote huo Delphia mwenyewe alikuwa marehemu.

Hivyo ndivyo tulivyosema sisi wa Kijito cha Chumvi, na hakuna aliyeona ajabu. Milima yetu ya Kentucky imebanana, makorongo yanaingia kwenye kijito kulia na kushoto, na kila korongo ni kwa mtu: kwa Hagans, kwa Mjane Sloan, kwa Kiwete. Hakuna kikao kinachokaa kutoa jina. Linaanza mdomoni mwa wawili watatu, linakolea, na likishakolea hata mwenyewe akihama au akifa halibanduki. Delphia alikuwa mke wa kwanza wa Tolbert Napier. Baba wa Delphia ndiye aliyewapa lile korongo walipooana, likawa kwa Delphia. Homa ikamchukua kabla hajazaa, na likabaki kuwa kwa Delphia.

Tolbert akakaa mjane miaka miwili, kisha akavuka mlima akamleta Orlena, binti mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo, amekaa juu ya nyumbu na godoro lake la manyoya ya bata. Huyo alikuja kufanya kazi. Alilima mahindi kwenye mteremko mkali, watu wakamtania kwamba ng'ombe wake lazima wana miguu mifupi upande mmoja. Alizaa watoto saba, akazika wawili, akawatazama wengine wakishuka kijito mmoja mmoja kwenda viwandani Ohio. Blanketi zake za viraka ziliombwa mpaka mjini. Na kila mara habari zilienda hivi: kwa Delphia kumezaliwa mtoto. Kwa Delphia kuna msiba. Mwone yule bibi wa kwa Delphia, ana mikono ya dhahabu.

Ilimuuma. Tusizungukezunguke, ilimuuma sana, na aliuma meno akanyamaza, maana utagombanaje na binti wa miaka kumi na tisa aliye kaburini? Hakumchukia Delphia. Alitaka tu, kabla hajafa, mahali alipotolea jasho paitwe kwake. Jambo dogo hilo, na hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Hasa mumewe. Kwani Tolbert naye akitoka dukani alisema kama wote: "Haya jamani, naelekea kwa Delphia."

Basi kiangazi cha mwaka 1953 gari la serikali likapanda kijito.

Nasema likapanda kijito kwa sababu njia yetu ndiyo hicho hicho kijito. Gari linapita majini juu ya mawe, na mbwa wa nyumba ya kwanza wakibweka, nyumba ya mwisho wanajua. Orlena alikuwa barazani anatunga maharage mabichi kwenye uzi ili ayaanike. Akaona kijana mweupe kama unga, kofia ya majani kichwani, ubao chini ya kwapa, amesimama getini anaogopa mbwa.

"Habari za mchana, mama. Naitwa Lindquist. Natengeneza ramani."

"Ramani ya nini?"

"Ya huku kote. Kila mlima, kila kijito, kila nyumba."

"Na yangu imo?"

Kijana akaja na picha kubwa iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Akamwonyesha alama ndogo kama punje ya ulezi. Orlena akaitazama kwa makini, akapandisha miwani, akaitazama tena.

"Banda la kuku mmelisahau," akasema.

Kijana akacheka, akatoa penseli. Akauliza kanisa liko wapi, akajibiwa. Akauliza shule, akajibiwa. Kisha akauliza, bila hata kuinua macho, "Na korongo hili linaitwaje?"

Sindano ya Orlena ikasimama katikati ya ganda la haragwe. Wallahi nakwambia hakuwa amepanga kitu. Alifungua mdomo kusema lile ambalo kila mtu angelisema, na kilichotoka ni kingine.

"Kwa Orlena."

"Orlena ndiye nani?"

"Ni mwanamke mmoja wa huku."

"Wa zamani?"

"Zamani kiasi."

"Alishakufa?"

"Hajafa bado. Ila anachoka."

Kijana akaandika, herufi kwa herufi, bila kutabasamu. "Na wewe, mama, nikuandike nani?"

"Bi Napier," akasema Orlena, masikio yanamwaka moto. "Inatosha hivyo."

Ingeishia hapo angekuwa mwanamke mwenye furaha. Lakini yule Lindquist alikuwa mtu wa utaratibu. Alipokuwa anafunga ubao wake akasema, kwa adabu kabisa, kwamba kila jina lazima alithibitishe kwa majirani kabla halijachapwa. "Nitauliza nyumba za huko chini," akasema. "Ile ya kwanza pale mdomoni mwa korongo linalofuata ni ya nani?"

Ilikuwa ya Vesta Hagans.

Loo! Vesta ni dada yake Tolbert. Alikuwa shoga wa chanda na pete wa Delphia, na tangu siku ile nyumbu alipoteremsha godoro la bata hajawahi kumsamehe wifi yake kosa la kutokuwa Delphia. Chakula cha Orlena kilikuwa na chumvi nyingi, watoto wa Orlena walikuwa na vichwa vikubwa, cheko la Orlena lilikuwa la sokoni. Na sasa mtu wa serikali anateremka kwenda kumwuliza Vesta kama kweli korongo la Delphia linaitwa kwa Orlena.

Orlena alikaa na maharage yake akisubiri aibu ifike. Alijiona tayari: Jumapili, kanisani, wanawake wanakohoa kwenye mabenchi, na Vesta amejaa kama kuku atagaye. Alifikiria kumkimbilia yule kijana amwambie nimekosea, futa. Miguu ikakataa. Mtu anayemkimbilia mgeni kufuta uongo amekiri uongo, na bora kungoja.

Jua lilikuwa linashuka Vesta alipopanda njia, anapumua kwa nguvu, mikono kiunoni. Hakupiga hodi.

"Wifi! Umemwambia nini yule mtu wa serikali?"

Orlena aliacha kutunga. Alishika uzi wake.

"Maana kaja kwangu na maneno yake matamu," akasema Vesta. "Ati, mama, lile korongo la juu ndilo kwa Orlena? Nikamtazama. Nikasema moyoni, ala! Wifi yangu si mjinga kama anavyoonekana. Nikamwambia ndiyo mwanangu, ndiyo, kwa Orlena tangu enzi za babu yetu!"

"Umesema hivyo?"

"Sasa ulitaka niseme nini? Nimwonyeshe njia ya mtambo wa kaka yangu?"

Hapo ndipo Orlena alipoelewa. Kule juu kabisa, korongo linapoishia, Tolbert alikuwa na mtambo wa gongo, na kijito kizima kilijua, na kijito kizima kilinywa. Watu wa kodi ya pombe walishapita huku mara nyingi wakijifanya wauza Biblia, wakijifanya wapima miti. Kwa hiyo kwetu kuna sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa: mwenzako akishamdanganya mtu wa serikali, uongo wake ni wa wote. Humkatizi, humwulizi, unaongezea wako juu. Vesta alidhani Orlena ameficha jina ili watu wa kodi wapotee.

"Hata kwetu nimembadilishia," akaendelea Vesta, macho yanang'aa. "Nimemwambia korongo letu ni la Bata Mzinga! Na nimemwahi Gillis dukani kwake kwa njia ya mkato, naye akawaambia wengine. Mpaka saa hii yule kijana hajapata jina moja la kweli. Mhubiri peke yake ndiye hakutaka kudanganya. Kaulizwa jina la mlima alikozaliwa, akasema hajui."

Akamshika wifi yake bega, mara ya kwanza katika maisha yao. "Umetuokoa, Orlena. Sikufichi, sikukudhania."

Sasa mwanamke angesema nini? Angesema, hapana wifi, mimi nilitaka jina tu? Alisema karibu uketi, akamkatia mkate wa mahindi na kumpakia asali, na Vesta akala vipande viwili bila kuutia kasoro.

Tolbert alirudi kutoka mgodini jioni hiyo na vumbi la makaa mpaka kwenye kope. Akaoga kwenye beseni nyuma ya nyumba, akaingia, akavuruga mkate wake kwenye bakuli la mtindi kama kawaida. Ni mtu wa maneno machache, Tolbert. Ukimsikia kasema sentensi mbili mfululizo, ujue ana homa.

"Nasikia umepata mgeni."

"Nimepata."

"Vesta anasema umemdanganya."

"Vesta ana maneno mengi."

Tolbert akala mpaka bakuli likaisha, akalisukuma mbele, akaenda kulala.

Kesho yake, kwa kuwa ni Jumamosi, hakuwa na zamu. Lindquist akapanda tena na kifaa chake cha miguu mitatu, akapima hiki na kile, na akamkuta Tolbert anarekebisha ua. Orlena alikuwa ndani, nyuma ya mlango wa wavu, na ndoo mkononi ambayo hakumbuki alitaka kuipeleka wapi.

"Wewe ndiye mwenye ardhi, mzee? Basi wewe ndiye neno la mwisho. Korongo hili linaitwaje?"

Tolbert akapiga msumari mmoja. Akapiga wa pili. Akatema tumbaku.

"Bibie alikwambiaje?"

"Kwa Orlena."

Tolbert akapapasa ubao wa ua. "Basi ndivyo," akasema Tolbert. "Kwa Orlena." Akachukua msumari mwingine.

Nyuma ya mlango Orlena alishusha ndoo chini. Alilisikia jina lake kwa sauti ya mumewe na moyo ukamruka, kisha ukatua. Kwa maana Tolbert naye ni mtu wa Kijito cha Chumvi, anaijua sheria, na mtambo ni wake. Amekubali kwa ajili ya gongo lake au kwa ajili yangu? Ndilo swali. Angeweza kumwuliza siku hiyo hiyo. Lakini swali likiulizwa linajibiwa, na kama jibu lingekuwa gongo, angebaki nalo jikoni mpaka kufa. Akaona heri asijue. Mchana Tolbert akachukua kofia, akapanda juu kwenye mtambo wake kama Jumamosi zote, na jioni akarudi. Na dukani, wiki ile, alipoaga alisema anaelekea kwa Delphia, kama siku zote.

Miaka miwili ikapita hivyo. Orlena alikuwa shujaa wa kijito kwa jambo ambalo hakulifanya. Vesta alimkalia karibu kanisani. Watu walimtania, "Shangazi, leo umemdanganya nani?" naye alicheka cheko lake lile, na akifika nyumbani hakuwa anacheka.

Vuli ya mwaka 1955 ramani ikafika. Gillis Ratliff, mwenye duka, ambaye pia ndiye wa posta, akaibandika ukutani juu ya pipa la misumari, na kufika adhuhuri duka limejaa. Watu walikuwa wanatafuta nyumba zao kwa vidole. Kisha wakaanza kusoma majina, na kicheko kikaanza.

"Mlima wa Kipara! Nani kasema kwetu ni Mlima wa Kipara?"

"Wewe mwenyewe. Ulisema, ukashushia na soda."

"Na huku juu kwa mhubiri hakuna kitu. Patupu!"

"Mhubiri hakujua alikozaliwa, mmesahau?"

Aliyekuwa hacheki ni Vesta. Alisimama mbele ya ramani, pua karibu iguse karatasi. "Bata Mzinga," akasema. "Gillis, hii inafutwaje?"

"Haifutiki, Bi Vesta. Imechapwa. Iko Washington, iko kila mahali."

"Wajukuu zangu wataitwa watu wa Bata Mzinga?"

"Ulichagua mwenyewe," akasema Gillis, na duka likaangua kicheko. Yeye mwenyewe akajifuta machozi, akamgeukia Tolbert aliyekaa karibu na jiko. "Lakini angalau haikupotea bure. Mtambo wako umesalimika, Mjomba Tolbert. Mshukuru mkeo."

"Mtambo upi?" akasema Tolbert.

"Ala! Mtambo wako. Kule juu."

"Niliuvunja."

"Umeuvunja lini?"

Tolbert akafikiri. "Masika ile, kabla ya yule kijana wa ramani. Kifua kilikuwa kinanibana kwa moshi."

 Gillis akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Ndiyo maana ukawa unasema gongo limeadimika! Na kila Jumamosi unapanda kule kufanya nini?"

"Nalala."

"Unalala?"

"Chini ya mti. Ningesema nimeacha, mngenicheka."

Na kweli wangemcheka, na sasa wakaanza. Lakini Vesta hakucheka. Aligeuka polepole kutoka kwenye ramani, na Orlena, aliyekuwa kwenye kaunta akinunua uzi, aliona lile alilolikimbia miaka miwili linamjia mzima mzima.

"Ngoja kwanza," akasema Vesta. "Kama mtambo haukuwepo, palikuwa na nini cha kuficha? Orlena. Ulimdanganya yule mtu kwa nini?"

"Sikujua kama ameuvunja," akasema Orlena. Na alikuwa na nafasi ya kuishia hapo, maana ni kweli hakujua, na wote wangemwamini. Lakini alikuwa amechoka kupigiwa makofi yasiyo yake. Akaweka uzi juu ya kaunta. "Ila hata mtambo sikuuwaza, wifi. Nilitaka paitwe kwangu. Basi. Nimezalia pale, nimezikia pale, nami nilitaka paitwe kwangu."

Hakuna aliyekohoa. Vesta alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Unaye mume," akasema. "Una watoto, una nyumba. Delphia hakuacha hata mtoto wa kumtaja. Alikuwa na jina lile tu, Orlena, nawe ukalichukua."

 Lilikuwa neno la kweli, na limesemwa na mtu aliyempenda yule binti, na Orlena alisimama pale amelishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mtu.

Vesta akamgeukia kaka yake. "Na wewe! Ulijua huna mtambo. Ulijua hakuna cha kuficha. Yule kijana alikuuliza wewe mwenye ardhi, uso kwa uso. Ulikubali kwa nini?"

Tolbert akainuka. Alichukua muda, magoti yake yalikuwa ya mgodini. "Aliniuliza pale ni kwa nani," akasema. "Nikamwambia."

"Pale ni kwa Delphia!"

"Delphia alikaa pale mwaka na kidogo, Vesta. Nilimpenda. Nilimlilia mpaka mkanichoka, wewe unajua. Kisha nimekaa kwa Orlena. Chakula cha Orlena, kelele za Orlena, watoto wa Orlena, mpaka nimezeeka. Mmelizoea tu lile jina, na mimi nimelizoea. Lakini mtu anakuja anaandika kitu cha kudumu, nami nimwambie uongo?"

Zilikuwa sentensi nyingi kuliko alizowahi kusema kwa pamoja tangu harusi. Alivaa kofia yake.

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?" akasema Orlena. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli kabisa, na machozi yanamtoka. "Miaka miwili, mzee wewe! Miaka miwili nalala na mtu nisijue!"

"Nilidhani umesikia," akasema Tolbert. "Ulikuwa nyuma ya mlango."

Orlena akageukia rafu ya makopo, akajifunika uso kwa aproni, akalia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku za mazishi. Wanaume wakatazama ramani. Baadaye kidogo Vesta akaenda akasimama kando yake. Hakumshika, wala hakuondoka.

Sisi wengine bado tunasema kwa Delphia, kwa kuwa ulimi una mazoea yake, na Vesta alisema hivyo mpaka mwisho, tena kwa sauti kubwa. Orlena hakumkataza. Tolbert aliishi miaka mingine sita, na akitoka dukani aliaga kwa kuinua mkono tu, akisema anaelekea nyumbani.